Wanaoishi: Eldoret na Miaka Arobaini ya Virusi

Leo katika kliniki za Eldoret mtu mwenye virusi vya ukimwi huitwa mtu anayeishi na virusi. Muuguzi hulitamka jina hilo bila kutua, limeandikwa kwenye mabango na fomu, na kijana aliyezaliwa baada ya mwaka 2000 hudhani limekuwepo siku zote. Wenye umri mkubwa wanajua halikuwepo. Mwaka 1995 mjini hapa hakuna aliyesemwa kuwa anaishi na ugonjwa ule. Ilisemwa kwamba fulani ameupata, kisha watu wakaanza kuhesabu miezi.

Jina lenyewe lilitoka katika Kiingereza, kwa watu waliolichagua neno "living" kwa makusudi. Waliliandika kwenye maazimio na mabango miaka mingi kabla halijawa kweli katika wodi za magharibi mwa Kenya. Kati ya siku lilipoandikwa na siku lilipopata dawa nyuma yake, walizikwa watu wengi ambao wangeweza kuwa hai hadi sasa. Nasimulia hapa muda huo wa katikati: ulitokana na nini, nani aliufupisha, na kwa nini mwaka 2025 umetutia hofu upya.

1917–1984: Vitanda 60

Eldoret ulianza kama nambari. Makaburu kutoka Afrika Kusini walifika uwanda wa Uasin Gishu mwaka 1908 na mikokoteni yao ya ng'ombe, serikali ya kikoloni ikawakatia mashamba, na mwaka 1910 posta ikafunguliwa kwenye shamba nambari 64. Hadi leo wazee wa Kikalenjin wanauita mji huu Sisibo, yaani hiyo 64 ya Kiingereza jinsi ilivyosikika masikioni mwao. Reli ilifika mwaka 1924 ikielekea Uganda.

Hospitali ilitangulia reli. Mwaka 1917 ilijengwa hospitali ndogo ya Waafrika yenye vitanda 60, katika eneo lililojaa vibarua wa mashamba ya walowezi. Ilibaki hospitali ya wilaya kwa miongo mingi, ikipanuka polepole baada ya uhuru, wakati mji wenyewe ulikuwa ukipanuka haraka. Viwanda vya nguo vilikuja, Rivatex kikiwa kimojawapo, katika miaka ya 1970. Mtaa wa Langas ukafurika wafanyakazi. Malori ya kutoka Mombasa kwenda Kampala, Kigali na mashariki ya Kongo yakawa yanapita katikati ya mji usiku na mchana, na madereva wakilala Burnt Forest, Eldoret, Turbo au Malaba.

Mwaka 1984 yalitokea mambo mawili ambayo hakuna aliyeyaweka pamoja wakati huo. Bunge lilipitisha sheria ya kuanzisha Chuo Kikuu cha Moi, chuo kikuu cha pili cha nchi, kikajengwa nje ya Eldoret. Mwaka huohuo mgonjwa wa kwanza wa ukimwi alitambuliwa nchini Kenya. Chuo na ugonjwa vilikua pamoja, na vilipokutana ndipo historia ya mji huu ilipogeuka.

1984–1999: Jina bila dawa

Ugonjwa ulifika kwanza kama uvumi, na lugha ya mtaani ikaupa majina kabla ya serikali kuupa sera. Mtu aliyeambukizwa alisemwa amekanyaga waya. Wengine walisema ana mdudu. Kwa majirani wa Uganda ulikuwa ugonjwa wa kukonda, kwa familia nyingi za Kijaluo ulifanana na chira, laana ya kuvunja miiko. Magazetini mgonjwa aliitwa mwathiriwa. Majina yote haya yalikuwa na kitu kimoja: yalimzungumzia mtu kama jambo lililokwisha kutokea.

Kulikataa jina la mwathiriwa kulianza mbali. Mwaka 1983, katika mkutano wa afya mjini Denver, Marekani, kikundi cha wagonjwa kilisimama na kutamka kwamba wao si wahanga, ni watu wenye ukimwi. Hatua iliyofuata, ile ya kusema mtu anaishi, ndiyo inayotuhusu zaidi sisi, kwa kuwa sehemu yake kubwa ilifanyika Afrika Mashariki. Noerine Kaleeba, mtaalamu wa viungo katika hospitali ya Mulago, alimpoteza mumewe Christopher mapema mwaka 1987. Baadaye mwaka huo, pamoja na wenzake wachache ambao wengi wao walikuwa wameambukizwa, alianzisha shirika la TASO mjini Kampala. Mafundisho ya TASO yalikuwa kwamba mtu anaweza kuishi na ukimwi kwa matumaini: ale vizuri, atibiwe magonjwa nyemelezi mapema, awaambie jamaa zake, apange mambo ya watoto, aendelee na kazi. Hapakuwa na dawa ya kupambana na virusi vyenyewe. Karibu waanzilishi wote waliokuwa na virusi walifariki. Hata hivyo walikuwa wamesema jambo ambalo halikuwa limesemwa kwa sauti katika eneo hili, kwamba mgonjwa ana maisha ya kuyapanga.

Nchini Kenya, mhasibu Joe Muriuki alipimwa mwaka 1987, akaambiwa amebakiwa na miezi michache tu, naye akajitangaza hadharani, wa kwanza kufanya hivyo nchini. Aliishi hadi mwaka 2022. Tarehe 1 Desemba 1994, wakuu wa serikali waliokutana Paris walitia saini tamko la kuwashirikisha zaidi watu wanaoishi na virusi katika maamuzi yanayowahusu. Tangu siku hiyo neno likawa la kiserikali: likaingia kwenye ripoti, kwenye semina za hotelini, kwenye maombi ya fedha.

Wodini Eldoret lilikuwa bado halina maana. Mwaka 1990 Kitivo cha Sayansi za Afya cha Chuo Kikuu cha Moi kilipokea wanafunzi wake wa kwanza, mkuu wake akiwa Profesa Haroun Mengech, na hospitali ya wilaya ikawa darasa lao. Kilikuwa chuo cha pili cha udaktari nchini, na kilijengwa kwa wazo kwamba daktari asomee vijijini pamoja na wodini. Chuo Kikuu cha Indiana kilishirikiana nacho tangu mwanzo. Madaktari wanne kutoka Indiana, miongoni mwao Joe Mamlin na Robert Einterz, walikuwa wamezunguka wakitafuta mahali pa kujenga uhusiano wa kudumu, nao wakachagua Eldoret. Makubaliano yalikuwa kwamba daktari mmoja wao awe anakaa Eldoret mwaka mzima, kisha ampishe mwenzake.

Wanafunzi wale wa kwanza walijifunza udaktari katikati ya vifo. Wagonjwa wawili walilala kitanda kimoja. Magonjwa yalikuwa yaleyale: kifua kikuu, homa ya uti wa mgongo inayoletwa na kuvu, mkanda wa jeshi, utando mweupe mdomoni unaomzuia mtu hata kumeza uji. Daktari angeweza kutibu moja, likaja lingine. Wengi waliolala pale walikuwa na umri wa miaka 25 hadi 40, umri wa wazazi wa watoto wadogo na walimu wa shule za msingi. Hospitali ilipandishwa hadhi kwa tangazo la kisheria mwaka 1998 ikawa Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi, lakini hadhi mpya haikubadilisha kilichokuwa kikitokea usiku wodini.

Kilichouma zaidi ni kwamba tangu mwaka 1996 dawa zilikuwepo. Katika mkutano wa Vancouver mwaka huo watafiti walionyesha kwamba mchanganyiko wa dawa tatu unaweza kuvizuia virusi kuzaliana, na katika nchi tajiri watu waliokuwa wameandika wosia walirudi kazini. Bei ilikuwa kati ya dola 10,000 na 15,000 kwa mgonjwa mmoja kwa mwaka. Wataalamu wengi wa kimataifa walishikilia kwamba Afrika ibaki na kinga peke yake, kondomu na mahubiri, kwa madai kwamba haiwezi kugharamia tiba wala kuisimamia. Naliita shauri hilo kwa jina lake: ulikuwa uamuzi kwamba watu waliokwisha kuambukizwa waachwe wafe. Ulitolewa kwa upole, katika lugha ya bajeti, na waliouandika waliendelea kuwaita watu hao wanaoishi.

Rais Moi alitangaza ukimwi kuwa janga la kitaifa tarehe 25 Novemba 1999. Miaka 15 ilikuwa imepita tangu mgonjwa wa kwanza atambuliwe.

2000–2001: Mwanafunzi wodini

Mwaka 2000 Joe Mamlin alirudi Eldoret na mkewe, Sarah Ellen. Alikuwa amestaafu ualimu wa udaktari mjini Indianapolis na aliujua mji huu tangu zamu yake ya miaka ya 1990. Wodi aliyoikuta ilimshtua. Wakati wa zamu ile ukimwi ulikuwa ugonjwa mmoja kati ya mengi. Sasa wagonjwa wake walikuwa wameenea kila safu ya vitanda.

Kati yao alilala kijana mmoja mwanafunzi wa udaktari wa Chuo Kikuu cha Moi. Alikuwa amekonda kiasi cha kutotambulika, na waliomtibu walikuwa walimu wake na wenzake wa darasani. Mamlin akaamua kumtafutia dawa, na marafiki wa nje ya nchi wakazilipia. Haukuwa mpango wa kitaifa wala utafiti. Alikuwa mtu mmoja, dozi ya mtu mmoja, na fedha za mfukoni. Baada ya wiki kadhaa kijana alianza kula. Baada ya miezi alikuwa anatembea. Kisha akaanza kufanya kazi na wagonjwa wengine, akiwaeleza alichopitia.

Naupa mkasa huu uzito kwa sababu ya waliouona. Wauguzi wa wodi ile, ambao kwa miaka kumi walikuwa wamefunika maiti za vijana, walimwona mmoja wao akiamka. Wanafunzi wenzake wakamwona akirudi. Kabla ya hapo hoja ya kwamba tiba haiwezekani Afrika ilikuwa inajibiwa kwa maneno, na sasa ilikuwa na jibu linalotembea kwenye ukumbi wa hospitali. Jibu hilo likaleta swali gumu: kama huyu amenusurika kwa kuwa anajulikana na daktari, wale wa kitanda cha pili je?

Dunia nayo ilikuwa inabadilika. Julai 2000 mkutano wa kimataifa wa ukimwi ulifanyika Durban, mara ya kwanza katika bara la Afrika, na waandamanaji walidai dawa kwa wote. Februari 2001 Yusuf Hamied wa kampuni ya Cipla ya India alitangaza kwamba mchanganyiko wa dawa tatu unaweza kuuzwa kwa dola 350 kwa mwaka kwa shirika la Madaktari Wasio na Mipaka. Kutoka dola 10,000 hadi 350! Tangazo hilo lilionyesha kwamba sehemu kubwa ya bei ya awali ilitokana na hakimiliki, si gharama ya kutengeneza tembe. Mwaka huohuo Bunge la Kenya, likisukumwa na mashirika ya kiraia na watu wanaoishi na virusi, lilipitisha Sheria ya Mali ya Viwanda iliyofungua mlango wa kuagiza dawa za nakala.

Novemba 2001 mpango wa AMPATH wa kinga na tiba ya ukimwi ulianza, ukiunganisha Chuo Kikuu cha Moi, hospitali ya rufaa na vyuo vya Marekani vikiongozwa na Indiana. Kliniki zilikuwa mbili: moja Eldoret hospitalini, nyingine katika kituo cha afya cha Mosoriot, Nandi, kwenye barabara ya kwenda Kapsabet. Kuchagua Mosoriot kulikuwa na maana yake. Waanzilishi walitaka kuthibitisha kwamba tiba inawezekana pia mahali ambapo mgonjwa anafika kwa miguu kutoka shambani. Kiongozi wa kila siku wa mpango akawa Profesa Sylvester Kimaiyo, daktari wa Eldoret, na kwa maoni yangu hilo ndilo lililoufanya udumu. Miradi mingi ya wageni hufa mgeni akipanda ndege.

2002–2007: Chakula, daftari na tembe

Tembe ya wakati ule iliunganisha stavudini, lamivudini na nevirapini. Mgonjwa aliimeza saa mbili asubuhi na saa mbili usiku. Kwa siku 14 za kwanza nevirapini ilitolewa nusu, kwa kuogopa upele na madhara kwenye ini. Wengine walikufa ganzi miguuni kwa sababu ya stavudini, wengine mashavu yakabonyea, na hata baada ya kupata nguvu nyuso zao ziliwatangazia majirani siri yao. Miaka kadhaa baadaye dawa hiyo iliondolewa. Lakini ilikuwa imewafikisha watu siku hiyo wakiwa hai.

Mapema kabisa madaktari waligundua jambo ambalo mama yeyote wa Langas angewaambia. Mgonjwa aliyeanza kupata nafuu alishikwa na njaa kali, na nyumbani hapakuwa na chakula. Alikuwa ameuza ng'ombe kulipia matibabu, amekodisha shamba, amepoteza kazi. Dawa ndani ya mwili uliokosa chakula haikufanya kazi yake yote, na wapo walioacha kumeza kwa sababu tembe ziliwasokota wakiwa na tumbo tupu. Basi mpango ukalima. Shamba la kwanza lilikuwa Mosoriot, mengine yakafuata, na Shirika la Chakula Duniani likachangia nafaka na mafuta. Mtaalamu wa lishe aliandika chakula kama daktari anavyoandika dawa: kiasi fulani cha mahindi, maharagwe, mboga na mayai kwa mgonjwa na kwa kila aliye nyumbani mwake, kwa kuwa mama hawezi kula huku watoto wanamtazama. Kufikia mwaka 2007 chakula hicho kilikuwa kinawafikia karibu watu 30,000 kila wiki.

Kisha ikafuata kazi. Mgonjwa aliyerudi kwenye uzito wake alihitaji mapato, na hapo ndipo zilipozaliwa karakana za Imani mjini Eldoret, ambako wagonjwa walishona, walitengeneza mikufu na vikapu, wakauza. Wengine waliajiriwa na kliniki zenyewe kuwatafuta wagonjwa waliokosa kurudi. Mtu aliyefuatwa nyumbani na mwenzake aliyepitia hali ileile alikuwa na sababu ndogo ya kujificha. Kujificha kulikuwa kwingi: wa Eldoret alipanda matatu kwenda kuchukua dawa Webuye, na wa Webuye akaja Eldoret, wote wakikwepa macho ya jirani.

Jambo la tatu halionekani na ndiyo maana husahauliwa. Ni kumbukumbu. Mwaka 2001 kituo cha Mosoriot kilikuwa tayari na mfumo wa kompyuta wa rekodi za wagonjwa, wa mwanzo kabisa wa aina yake katika vituo vya mashambani kusini mwa Sahara. Wagonjwa walipoongezeka mfumo ule ulizidiwa. Mwaka 2004 Burke Mamlin na Paul Biondich wa Indiana, baada ya kuiona hali ya Eldoret, walianza kubuni mfumo mpya ulio wazi kwa yeyote kuutumia bure, OpenMRS, na mwanzoni mwa mwaka 2006 ulifungwa Eldoret kabla ya mahali pengine popote. Leo unatumika katika nchi nyingi duniani. Kwa mgonjwa maana yake ilikuwa nyepesi: asipofika siku yake, kuna anayejua, na kuna anayetumwa kumtafuta.

Fedha za kuyafanya haya kwa ukubwa zilitoka hasa Marekani. Rais George W. Bush alitangaza mpango wa PEPFAR Januari 2003, na kuanzia 2004 Eldoret ikanufaika. Mwaka 2006 serikali ya Kenya ilifanya dawa za kupunguza makali kuwa bure katika hospitali za umma. Kufikia mwaka 2007 AMPATH ilikuwa imeandikisha zaidi ya wagonjwa 40,000, katika Turbo, Burnt Forest, Webuye, Kitale, Amukura na kwingineko, na karibu 2,000 wapya walikuwa wanajiunga kila mwezi. Kitaifa, utafiti wa mwaka huo ulionyesha kwamba karibu asilimia 7 ya watu wazima walikuwa na virusi.

Januari 2008: Wiki za moto

Matokeo yaliyobishaniwa ya uchaguzi wa rais yalitangazwa tarehe 30 Desemba 2007, na Uasin Gishu ikawaka. Tarehe 1 Januari 2008 kanisa la Kiambaa, nje kidogo ya Eldoret, lilichomwa likiwa limejaa wanawake na watoto waliokimbilia usalama. Wapatao 35 walikufa. Barabara zilizibwa kwa mawe na magogo, maelfu wakakusanyika kwenye uwanja wa maonyesho wa Eldoret, na wengine wakakimbilia Nakuru au kuvuka mpaka.

Kwa mtu aliyekuwa anameza tembe mbili kwa siku, kukimbia bila mfuko wa dawa kulikuwa hatari ya aina yake. Virusi hupata usugu dozi zinapokatika. Wafanyakazi wa kliniki nao walikuwa wa makabila yote yaliyokuwa yakipigana: muuguzi hakuweza kufika kazini kwa sababu ya jina lake, dereva hakuweza kupita kijiji fulani. Waliofika waliwaongezea wagonjwa dozi za akiba. Nambari za simu zilitangazwa ili mgonjwa aliyekwama aulize kituo kilicho karibu naye, na timu zikatumwa kwenye kambi za wakimbizi wa ndani. Huko ilikuwa vigumu kumwita mgonjwa bila kumfichua mbele ya majirani wa hema, kwa hiyo huduma ilitolewa pamoja na matibabu mengine ya kambini.

Wapo waliopotea na hawakurudi. Lakini sehemu kubwa ya wagonjwa walirejea kliniki, na nadhani sababu ni ile kazi ya miaka sita iliyotangulia. Walikuwa na rekodi, walikuwa na watu wanaowajua kwa majina, na walikuwa wamejifunza kwamba dawa haisubiri amani. Kwa mwezi ule wa aibu katika historia yetu, hilo ni miongoni mwa machache tunayoweza kuyasema kwa kichwa juu.

2008–2024: Haki iliyoandikwa

Miaka iliyofuata ina matukio mengi ila mwelekeo mmoja, hivyo nitaipitia kwa haraka. Washauri walianza kwenda mlango kwa mlango, kwanza katika eneo la Kosirai kule Nandi kisha Turbo na kwingine, wakipima familia nzima sebuleni. AMPATH ikabadilisha maana ya herufi zake: kutoka kinga na tiba ya ukimwi hadi kuwafikishia watu huduma za afya kwa jumla, kwa sababu aliyenusurika virusi alianza kuugua kisukari, shinikizo la damu na saratani kama binadamu mwingine. Mama aliyemeza dawa zake alizaa mtoto asiye na virusi, na kizazi cha watoto hao sasa kiko sekondari na vyuoni.

Tukio moja linastahili kusimama peke yake. Mwaka 2008 Bunge lilipitisha Sheria ya Kupambana na Bidhaa Ghushi, ambayo kwa maneno yake mapana ingeweza kuzihesabu dawa halali za nakala kuwa ghushi. Watu watatu wanaoishi na virusi walikwenda mahakamani. Tarehe 20 Aprili 2012 Jaji Mumbi Ngugi wa Mahakama Kuu aliamua kwamba vifungu husika vinatishia haki ya kuishi, haki ya heshima na haki ya afya zilizomo katika Katiba ya 2010, na kwamba haki hizo zinatangulia maslahi ya hakimiliki. Kwa hukumu hiyo kuishi, kwa wenye virusi, kukawa jambo ambalo serikali inaweza kushtakiwa kwa kulihatarisha.

Kuanzia mwaka 2016 kila aliyepatikana na virusi aliruhusiwa kuanza dawa bila kusubiri kinga ishuke. Tembe mbili zikawa moja kwa siku. Sayansi ikathibitisha pia kwamba mtu ambaye virusi vyake havionekani kwenye vipimo hamwambukizi mwenzake kwa njia ya ngono, habari iliyofungua ndoa nyingi zilizokuwa zimefungwa na hofu. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2018 ulikuta maambukizi yameshuka hadi asilimia 4.9 ya watu wazima. Tarehe 15 Agosti 2024 Eldoret ilipewa hadhi ya jiji, na hospitali iliyoanza na vitanda 60 ilikuwa na zaidi ya 1,000.

2025: Nani anaamua kinachookoa maisha

Mradi wa Marekani uliogharamia tiba katika eneo hili katika miaka ya karibuni ulibeba jina la Kiswahili, Uzima. Tarehe 20 Januari 2025 Rais Donald Trump alitia saini amri ya kusimamisha misaada ya nje kwa siku 90. Barua za kusitisha kazi zikafika, na wafanyakazi wa kliniki kote nchini wakaambiwa wakae nyumbani. Siku chache baadaye ulitolewa msamaha kwa shughuli zinazookoa maisha: kugawa dawa na kuzuia mama kumwambukiza mtoto kuliruhusiwa kuendelea. Sehemu kubwa ya kazi ya kinga haikuingia katika msamaha huo. Tarehe 1 Julai 2025 shirika la USAID lilikoma kuendesha miradi ya misaada. Kliniki maalum zikaanza kuunganishwa na huduma za kawaida za wagonjwa wa nje.

Siwezi kuutazama mpaka huo wa kinachookoa maisha na kisichookoa, uliochorwa Washington, bila kukumbuka yaliyofanyika Eldoret kati ya 2002 na 2007. Tembe ndiyo iliyohesabiwa kuwa inaokoa maisha. Je, mtu wa kumtafuta mgonjwa asiyerudi? Anayeingiza rekodi? Anayemshauri msichana wa miaka 17 aliyezaliwa na virusi na amechoka kumeza? Katika mji huu tulikwisha kujifunza kwamba tembe bila hao huishia kwenye kabati.

Kuna la haki la kusemwa pia upande wetu. Kwa zaidi ya miaka 20 serikali za Kenya ziliacha sehemu kubwa ya gharama za dawa, mishahara na vipimo ibebwe na walipa kodi wa nchi nyingine, huku kila mtu akijua kwamba siku ya kukatika itakuja. Uunganishaji wa kliniki na huduma za kawaida si mbaya wenyewe. Unaweza hata kupunguza unyanyapaa, mradi daktari, rekodi na dawa viwepo siku mgonjwa anapofika.

Wakenya zaidi ya milioni moja wanaishi na virusi hivi leo. Kila Juni bajeti inaposomwa, na kila bunge la kaunti linapokaa kuijadili ya kwake, panapaswa kuwa na fungu la dawa za kupunguza makali na la watu wa kuzitoa. Msomaji wa Uasin Gishu, wa Nandi, wa Trans Nzoia na wa kila kaunti: mtafute mbunge wako na mwakilishi wako wa wadi, umwulize fungu hilo ni shilingi ngapi mwaka huu, na litatosha hadi mwezi gani. Dai jibu la tarakimu.